Mabati ya Nsongwelo

Masumbuko hakuwa mwongo.

Hilo Inspekta Eveline Chengula alikuwa amelipata Mgololo, kwenye daftari la walinzi wa kiwanda cha karatasi, na Ijumaa asubuhi alilitua mezani kwa mkuu wake kabla hajavuta kiti. Masumbuko, mmoja wa wazazi watatu waliosaini hati ya kupokea mabati ya shule, alianza kibarua pale tarehe kumi na mbili Machi. Tarehe ishirini na moja, siku ambayo hati ya mapokezi ilidai yuko Nsongwelo akipokea mabati, alipita getini saa moja kasoro asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni. Kutoka Mgololo hadi Mbeya ni safari ya nusu siku. Mtu hawezi kushika magogo huko na mabati huku.

Mkuu wake, Afande Vitus, aliisoma nakala ya daftari mara mbili, akairudisha taratibu.

"Basi alisaini kabla ya kuondoka," alisema. "Wangapi wanasaini mzigo haujafika? Hiyo haimtoi, Eveline. Inamzamisha."

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuisimulia na chungu kuisikia. Shule ya Msingi Nsongwelo, pembezoni mwa jiji, ilijengwa kwa ajili ya watoto mia nne. Viwanja vikapimwa, watu wakahamia, na sasa ilikuwa na watoto elfu moja na mia tisa katika vyumba tisa. Darasa la tatu peke yake walikuwa mia mbili na kumi na wanne. Wazazi hawakukaa kulalamika. Kila kaya ilitoa matofali mia moja, mawe, na siku mbili za kazi. Kuta za vyumba vinne zikapanda hadi juu, zikabaki zikingoja bati la serikali kama ilivyoahidiwa. Fedha za mabati mia sita na arobaini zilitoka Januari. Bati halikuonekana hata moja. Masika yakazikuta kuta ziko kichwa wazi, zikanywa maji wiki kwa wiki, na asubuhi ya tarehe saba Machi ukuta mmojawapo ukaanguka juu ya watoto waliokuwa wakisoma kando yake, kwa sababu ndani hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Sita waliumia. Wa saba, Benedicta, msichana wa miaka tisa, alikufa palepale.

Watu walipoanza kuuliza mabati yako wapi, afisa ugavi wa halmashauri, Sedekia, alifungua faili lake kwa utulivu na kutoa hati. Hati ilisema mabati yote yalifika shuleni tarehe ishirini na moja Machi. Chini yake kulikuwa na saini za wajumbe watatu wa kamati ya mapokezi, wazazi wote, na muhuri wa shule. Mtaalamu wa maandishi alithibitisha kwamba saini ni zao. Wenyewe nao hawakukana. Walisema saini ni zetu, mabati hatujayaona. Na kwa kuwa muhuri hukaa kwenye kabati la mwalimu mkuu, mwalimu mkuu, Devotha, mwanamke aliyevunjika mkono akiwachomoa watoto kwenye kifusi, alisimamishwa kazi akituhumiwa kupokea mabati na kuyauza. Jumatatu angepandishwa kizimbani.

"Niachie hati hadi jioni," Eveline alisema.

"Kutafuta nini?"

Alimwonyesha. Pembeni ya kila saini kulikuwa na doa la kidole, jekundu kama kutu. Madoa matatu, watu watatu, wino wa kalamu moja.

"Hao ni wakulima," Vitus alisema. "Ulitaka wanukie marashi?"

Eveline alieleza kwamba alikwenda Nsongwelo mara mbili, na udongo wa eneo lote la shule ni mweusi, mwepesi, ule wa majivu ya mlima. Hakuona pale udongo mwekundu hata wa kujaza kijiko. Vitus alitazama saa, akasema gari hakuna, akasema pia kwamba faili lingekwenda kwa mwanasheria saa kumi na moja jioni, likiwa na jipya au halina. Kisha akasaini kibali cha kutoa hati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mafaili mengi.

*

Alianzia mtaa wa Soweto, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Vaishali. Sedekia alikuwa ameandika katika maelezo yake kwamba mzabuni aliyelipwa alinunua mabati pale, na kwamba wiki mbili baadaye mabati yaleyale yalionekana yamerudi nyuma ya duka. Maana yake mwalimu aliiba, na mwenye duka alinunua mali ya wizi.

Vaishali alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Mbeya, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Aliposikia tuhuma hakupandisha sauti. Alimwita karani wa hesabu akae kaunta, akamchukua Eveline hadi uani, akamwonyesha mabati yalivyopangwa, kila rundo na namba ya kiwandani, kila namba na risiti yake ya kuingia. Eveline aliomba namba za Januari hadi Aprili, akazipitia moja moja kwa muda wa saa nzima. Hakuna rundo lililotoka likarudi. Hakuna mabati mia sita na arobaini yaliyouzwa kwa mtu mmoja miezi hiyo.

"Huyo Sedekia alikuja hapa Januari," Vaishali alisema. "Akataka profoma, karatasi ya bei. Nikampa. Nikamwambia bei hii ni ya shule, faida yangu nimeikata. Akasema mama ubarikiwe. Tangu siku hiyo ananipita barabarani kama nguzo ya umeme."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza, dada yangu? Mnakuja na pingu ndipo mnauliza."

Eveline alitoa hati kwenye mfuko wake wa nailoni, akaiweka kaunta bila kuitoa mkononi, akamuuliza kama alishawahi kuona karatasi ya namna ile. Vaishali alivaa miwani. Badala ya kuisoma, aliomba waisogeze mlangoni. Akainama hadi jicho likawa sawa na karatasi, jua la saa nne likiipiga ubavuni.

Alieleza kwamba mwenye duka aliyekwisha kuletewa hundi bandia mara tatu hujifunza kutazama karatasi kabla ya maneno. Kisha akaashiria kwa ncha ya ukucha bila kugusa.

"Kuna mtu aliandika juu ya karatasi nyingine, hii ikiwa chini. Na mkono wake mzito. Tazama mifereji."

Eveline aliinama. Maandishi ya hati yalikuwa ya kompyuta. Lakini chini ya herufi zilizochapwa, karatasi yenyewe ilikuwa imebonyezwa na mwandiko wa mkono, mistari minne isiyo na wino, ikionekana jua likiwa ubavuni na kupotea karatasi ikinyanyuliwa. Alitoa daftari lake, akaanza kunakili. Mstari wa pili ulisomeka kwa urahisi: *unga magunia 2*. Wa tatu: *sukari kilo 20*. Wa nne ulikuwa jina, nusu yake imemezwa. *Bened*, kisha mkwaruzo.

Mstari wa kwanza ndio uliowachukua muda. Waliugeuza kulia, wakaugeuza kushoto. Vaishali ndiye aliyeusoma, naye hakuusema kwa sauti. Alivua miwani, akarudi nyuma ya kaunta, akaketi.

*Jeneza 1.*

"Nenda, mama," alisema baadaye. "Muda unakwenda."

*

Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, Mzee Gwakisa, alikuwa shambani kwake kwenye viazi, mtaa wa pili kutoka shuleni. Alipomwona Eveline alisimika jembe, akafuta mikono kwenye suruali, akamsalimu "Ugonile" kama mtu anayesalimia aliyekuja kumchukua. Eveline aliitikia kwa Kinyakyusa chake cha kubahatisha, akamwambia hakuja kumkamata. Alitaka kujua jambo moja. Benedicta alizikwa wapi?

Mzee alinyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya kijito. Mlimani kule, miti ilipokatwa, ardhi ilikuwa nyekundu kama jeraha.

"Nani walichimba?"

"Sisi. Vijana walikuwa hospitali na majeruhi. Nilichimba mimi, Masumbuko, na fundi Shedrack, na wengine wa kupokezana."

Watatu aliowataja wa kwanza ndio waliokuwa kwenye hati. Eveline alimwomba asimulie siku ile tangu asubuhi, bila kuruka. Akasimulia. Walianza kuchimba saa kumi na mbili. Saa nne hivi gari la halmashauri lilifika na jeneza, unga na sukari, na Sedekia ndani ya suti nyeusi. Alitoa pole kwa wafiwa, akapanda mlimani hadi kaburini na kibao chake cha kubania karatasi. Akawaita kwa majina, wao watatu, watoke shimoni.

"Na wengine waliokuwa wanachimba?"

"Wengine hakuwaita."

"Hukushangaa? Nyie ni kamati ya kupokea vifaa vya ujenzi. Jeneza linawahusu nini?"

Mzee Gwakisa alifikiri. Alisema walishangaa kidogo, lakini Sedekia aliwaeleza kwamba jeneza limetoka kwenye fungu la shule, hivyo taratibu ni zilezile. Akasema saini hapa, na hapa kwenye nakala. Nakala ilikuwa chini, sehemu ya juu imefunikwa na karatasi ya kwanza, imeachwa wazi pale pa kusaini tu. Muhuri alikuwa nao yeye mwenyekiti mfukoni, kwa kuwa Mwalimu Devotha alikuwa amelazwa na alimkabidhi ili watoto sita wapate barua za matibabu. Sedekia alimwomba agonge. Akagonga, mara mbili.

"Mkasaini bila kusoma."

Hapo mzee aliinua macho, na kwa mara ya kwanza palikuwa na ukali ndani yake.

"Wewe umetoka wapi, binti?"

"Njombe kwa kuzaliwa. Nimekulia Iringa."

"Kwenu, mtu akikuletea sanda unaifungua kupima mita? Cha msiba hakihesabiwi mbele ya aliyekileta. Na maiti ikiwa bado juu ya ardhi hakuna ubishi, hata kama jirani amehamisha mpaka wako. Utabishana baada ya kuzika. Ningesimama pale, baba wa mtoto ananiona, nianze kukagua karatasi ya jeneza la mwanawe? Ningeitwa nani?"

Eveline hakuandika maneno hayo mara moja. Kwao pia ilikuwa hivyo. Na Sedekia alikuwa mtu wa Nyanda za Juu vilevile, alizaliwa na kulelewa ndani ya desturi hiyo. Hakubahatisha. Alijua kwamba duniani kuna mahali pamoja tu ambapo wanaume watatu waangalifu, waliokuwa wakihesabu matofali ya kila kaya hadi la mwisho, wangesaini chochote. Fedha alikuwa amekwisha kuzila tangu Januari. Ukuta ulipoanguka alijua mabati yataulizwa. Basi akapeleka karatasi yake kwenye kaburi la mtoto aliyeuawa na ukuta huo huo, ikasainiwe huko.

Aliisoma tena hati ile, tarehe ishirini na moja Machi. Yule bwana alikuwa na subira hata ya kungoja siku kumi na mbili ndipo achape maneno ya mabati juu ya karatasi iliyosainiwa tupu.

"Hiyo ya juu," aliuliza, "karatasi ya jeneza yenyewe, ilikwenda wapi?"

"Aliwaachia wafiwa. Anayo baba yake, Yohane." Mzee Gwakisa alisita. "Lakini kwa Yohane sijui utaanzaje. Yeye kuhusu mwalimu hataki hata kusikia."

*

Yohane alikuwa akitengeneza banda la kuku. Alimsikiliza Eveline akiwa amemgeuzia mgongo, akipigilia msumari, akipigilia mwingine. Mke wake alitoa kigoda, akarudi ndani.

Eveline alianza kumweleza kwamba Jumatatu Mwalimu Devotha anafikishwa mahakamani, na Yohane akamkata hapohapo.

"Vizuri. Yeye ndiye aliyemkalisha mwanangu pale."

"Alimkalisha, ndiyo."

"Angemwacha asimame mlangoni. Angemrudisha nyumbani. Mtoto wangu hakuhitaji kujua jedwali la saba siku ile."

Eveline hakumtetea mwalimu. Alikuwa amewahoji wafiwa wengi, akajua kuna hasira isiyotaka hoja. Alimuuliza tu kama alikuwapo wakati wa kujenga. Yohane alijibu kwamba ukuta ule alisaidia kuunyanyua kwa mikono yake. Ulikuwa mnyoofu? Ulikuwa mnyoofu. Udongo wa kuunganishia ulikuwa mzuri? Ulikuwa mzuri, wa kutosha ukuta wenye bati juu. Nyundo ikasimama hewani alipolisema hilo.

Ndipo akamweleza yote, kwa mpangilio: fedha za Januari, mvua, ukuta, gari la halmashauri, kibao cha karatasi, saini hapa na hapa kwenye nakala. Alimwonyesha hati, akaishika ubavuni mwa jua kama Vaishali alivyomfundisha. Yohane aliinama. Alitazama muda mrefu mahali palipobonyezwa jina.

"Nilimshukuru," alisema.

Eveline alishusha hati.

"Huyo bwana. Alipokuwa anaondoka nilimfuata hadi kwenye gari. Nikamwambia serikali imetuheshimu. Mke wangu akasema asiondoke mikono mitupu, tukamjazia debe la viazi. Akafungua buti mwenyewe, akaweka." Aliweka nyundo chini polepole. "Akaniambia viazi vya huku ni vitamu."

Ndani, kulisikika mkewe akisogeza kitu kizito, sanduku la bati likikwaruza sakafu. Alikuwa amesikia kila kitu. Alitoka na daftari la shule la kurasa thelathini na mbili, akampa mumewe, si mgeni. Katikati ya daftari kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara moja. Mwandiko wa mkono mzito: jeneza 1, unga magunia 2, sukari kilo 20, msiba wa Benedicta Yohane Mwasenga. Chini, saini tatu kwa kufuatana, kalamu ileile, na pembeni ya kila moja doa jekundu. Muhuri wa shule. Tarehe tisa Machi. Eveline aliweka hati ya mabati chini yake, akasawazisha kingo. Mifereji na wino vikaoana, herufi kwa herufi.

Alisema ataihitaji. Alisema pia ukweli wote, kwa sababu mtu huyu alimdai ukweli: ikishakuwa kielelezo mahakamani, huenda isirudi kwa mwaka, huenda miwili.

"Hiyo ndiyo yenye jina lake lote," mama alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema. "Kwenye madaftari yake aliandika Bene tu. Cheti cha kuzaliwa tulikuwa bado tunafuatilia."

Upande wa shuleni, kengele ya zamu ya mchana iligongwa, na mtaa mzima ukajaa sauti za watoto wanaotoka na watoto wanaoingia, mamia wakipishana kwenye lango lililotengenezwa kwa ajili ya makumi.

Yohane aliuliza ni saa ngapi. Saa nane na nusu, Eveline alisema, na faili linaondoka saa kumi na moja. Akauliza kama polisi wakichukua kitu cha mtu hawatoi karatasi. Hutoa, Eveline akasema. Akafungua kitabu cha fomu za vielelezo juu ya goti, akaandika. Alipofika kwenye maelezo ya kielelezo aliandika jina la mtoto kwa ukamilifu, herufi kubwa, akaikata fomu na kumnyooshea baba pamoja na kalamu.

Yohane hakuipokea kalamu. Aliichukua fomu, akaketi juu ya ubao wa banda, akaanza kusoma kuanzia juu kabisa, pale penye namba ya fomu, kidole kikifuata mstari. Alisoma kama mtu aliyeishia darasa la saba miaka thelathini iliyopita, midomo ikisogea. Alipofika maandishi madogo ya chini, ambayo Eveline mwenyewe hakumbuki kama aliwahi kuyasoma, aliuliza maana ya maneno mawili, akaelezwa, akarudi juu akaanza tena. Mkewe alisimama nyuma ya bega lake, naye akisoma. Jua lilisogea kutoka kwenye goti hadi kwenye kiatu. Eveline hakutazama saa.

"Jumatatu nitakuja kusema," Yohane alisema mwishoni. "Mwambieni mwalimu sijamsamehe. Lakini mwizi si yeye."

Ndipo akanyoosha mkono kuomba kalamu.